Laptop Haikaguliwi Asubuhi

Siku mliyoniaga mlinipa leso, keki na sifa. Leso ninaivaa, keki iliisha kabla ya hotuba ya pili, lakini sifa imenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yote niliyowakagulia watu laptop hapa Voi, hakuna mashine mbovu iliyowahi kupita mikononi mwangu. Mkapiga makofi. Nami badala ya kusema neno nikatabasamu na kuomba kipande kingine. Naandika haya kwa sababu ipo moja iliyopita, na nyinyi mlioachiwa meza yangu mnapaswa kuijua.

Nianze nilikoanzia, maana mzee akiruka mwanzo huwa ana jambo analificha. Baba yangu aliletwa Voi na kazi ya reli akiwa kijana kutoka Bungoma. Mimi nilizaliwa hapa hapa, katika nyumba za reli, nikajifunza kusoma kwa majina ya stesheni. Lakini sisi watu wa bara, hata tukikaa huku miaka hamsini, hatuzikwi huku. Mtu akifa anarudishwa kwao, na wale wa kwao ndio wanaochanga, wanaotafuta gari, wanaokaa na maiti njia nzima. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge. Taipureta yetu ilikuwa ikikwama herufi ya "k", na jaribu kuandika barua ya Kiswahili bila "k" uone. Kila ikikwama nilitumwa Voi kwa fundi mmoja Mdawida, yaani Mtaita wa hapa, aliyeitwa Mwasi, aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Mara ya nne nikamwambia asiiguse, nitaitengeneza mwenyewe, nimeshamwona vya kutosha. Aliniangalia juu ya miwani yake, akanisogezea bisibisi. Shamba lilipopunguza wafanyakazi, nilikwenda kwake moja kwa moja hata kabla ya kumwambia mume wangu.

Siku ya kwanza kibandani nilidhani nitafunzwa siri za mashine. Fundi Mwasi alinipa brashi, kopo la mafuta ya taa na redio kumi na moja. Nilisugua vumbi kutwa nzima. Jioni akaniuliza nimejifunza nini, nikamjibu kwa hasira kwamba nimejifunza vumbi la Voi ni jekundu. "Vizuri," akasema. "Basi siku ukiona lisilo jekundu, utajua limetoka mbali." Niliona ni maneno ya mtu anayetaka kumaliza siku. Yalikuja kunirudia baadaye, na sikuyafurahia.

Taipureta zikafa, zikaja kompyuta za mezani, kisha zikaja laptop. Vitabuni naona wanaziita vipakatalishi. Mimi sijawahi kumsikia mteja akiomba kipakatalishi. Zilianza kuingia zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ex-UK, zimepangwa dukani zimepakwa polishi hadi unajiona uso. Watu wakawa wanaogopa kuzinunua peke yao. Ndipo ikazuka kazi yangu hasa: mtu anakuja kunichukua, tunakwenda dukani pamoja, naikagua, nasema ndiyo au hapana.

Mnajua nilivyokuwa nikifanya, lakini acha niandike, kwa sababu nimewaona wengine wenu mkiruka. Kwanza naitazama ikiwa imezimwa. Skrubu za chini zikiwa zimeparuzwa, kuna mtu aliingia, na mtu haingii bila sababu. Nafungua na kufunga kifuniko mara kadhaa nikisikiliza bawaba. Nanusa mahali hewa inapotokea, na kama muuza duka anacheka, acha acheke. Nikiiwasha naangalia kama inadai nywila ya mwenyewe wa zamani. Nafungua ukurasa mweupe, natafuta madoa kwenye skrini. Kibodi naipima kwa stesheni za baba yangu: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Mackinnon, Maungu, Voi, Tsavo, Mtito Andei. Kisha nabonyeza moja moja herufi zilizobaki, hadi "q" na "x", kwa kuwa hakuna treni iliyowahi kusimama huko. Nachomoa chaja nione betri inashuka vipi. Naangalia afya ya diski. Mwisho nafungua video ya kwaya, naiacha iimbe saa nzima, kiganja changu kikiwa chini ya tumbo la mashine.

Na hiyo ya mwisho ilikuwa na saa yake, saa nane mchana. Hii nilirithi kwa Fundi Mwasi, aliyekuwa na msemo wake: "Mchumba haangaliwi Jumapili." Jumapili kila mtu ameoga. Asubuhi ya Voi kuna upepo, na mashine yenye feni chovu inafanya kazi vizuri tu. Isubiri saa nane, mabati yakiwa yamewaka, ndipo utaijua tabia yake. Mteja wa Chawia anaweza kukaa na mashine mgonjwa mwaka mzima asijue, baridi ya milimani inamuuguzia bure. Lakini wa huku chini, wa Maungu, wa Kasigau, huyo hana wa kumuuguzia.

Kesi ngumu nilizipata nyingi. Yuko bwana mmoja wa Mahoo aliyeniletea laptop aliyosema imerogwa, inajiandika yenyewe. Ndani ya kibodi tulikuta sisimizi, ukoo mzima, wamefuata chai ya sukari aliyoimwaga akaona haya kusema. Hizo ndizo kesi ninazopenda kuwasimulia. Ya Wakesho sijawahi kumsimulia mtu.

Wakesho alikuwa mwalimu wa chekechea kule Kasigau, binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Hakuwa na cheti. Alikuwa akisomea diploma kwa masafa, na kazi kubwa iliyobaki ilikuwa ripoti: awafuatilie watoto kumi kwa mihula miwili, aandike kila wiki namna kila mmoja anavyokua. Nani ameanza kushika penseli sawasawa. Nani bado anasema Kidawida peke yake. Nani anasinzia darasani kwa kuwa nyumba nzima imekesha ikifukuza ndovu shambani. Na alikuwa ameambiwa wazi kwamba mwaka ukiisha bila diploma, darasa lake atapewa mwenye nayo. Kwa hiyo laptop ile haikuwa mapambo.

Alinikuta kibandani asubuhi. "Mama Nekesa," akaniambia, "mimi hizi vitu sizijui. Wewe ukisema ni nzuri, mimi nabeba."

Duka alilokuwa ameona laptop lilikuwa la Mzee Barasa. Huyu ni mtu wa kwetu Bungoma, mzee wa kanisa, na katika chama chetu cha watu wa nyumbani ndiye aliyekuwa msimamizi wa misiba. Miaka miwili kabla ya siku hiyo alikuwa amesimamia safari ya kumrudisha marehemu mume wangu. Alikaa ubavuni mwa jeneza kutoka Voi mpaka Bungoma, na tulipoharibikiwa na gari njiani yeye ndiye aliyeshuka kutafuta fundi huku mimi nikilia. Kwa desturi zetu, mtu aliyekuzikia mumeo humwombi kitu mara mbili, wala humpimi.

Nilikagua yote niliyowatajia. Bawaba nzuri, skrini safi, stesheni zote zikaandikika. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu. Nikawasha kwaya, kisha nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ningeomba tuiache iwake mpaka saa nane."

Akacheka. "Shemeji, saa nane? Kwani unapika maharagwe?"

"Ni kawaida yangu tu, Mzee."

"Hii ni ex-UK, haijakaa kwa mtu wa huku hata siku moja." Akashusha sauti, sasa hakuwa akicheka. "Ama siku hizi hatuaminiani, shemeji?"

Nje gari la Kasigau lilipiga honi. Lilikuwa moja tu siku hiyo, na lilikuwa limejaa mapema. Wakesho aliangalia barabarani, akaniangalia mimi. Kiganja changu kilikuwa chini ya mashine, na upande wa kushoto nilisikia joto ambalo halikustahili kuwapo asubuhi ile, dakika chache tu tangu kwaya ianze. Mkono ulijua. Mdomo ndio uliosema vingine.

"Hii haina shida," nikasema.

Mzee Barasa akaifuta kwa kitambaa. Wakesho akaifunga ndani ya leso yake kama anayefunga mtoto, akanishukuru mara tatu, akakimbilia gari. Mimi nilirudi kazini nikajiambia maneno ambayo kila mkaguzi huyajua: pengine ni mimi tu ninayeogopa ovyo.

Miezi minane ikapita. Siku moja nikamwona mlangoni, amekonda, leso ile ile mkononi. Akaiweka laptop mezani taratibu.

"Mama Nekesa, nimeiharibu."

Hakusema imeharibika, alisema nimeiharibu. Nikamwomba anieleze. Tangu wiki ya kwanza ilikuwa ikizimika ghafla karibu na adhuhuri, katikati ya sentensi. Aliiwasha, ikazimika. Akadhani anabonyeza kwa nguvu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Akadhani ni chaki mikononi, akawa ananawa kila kabla ya kuigusa. Alimwomba mchungaji aiombee. Alikuwa akiiweka juu ya jiwe lililofunikwa kitambaa kibichi. Wiki iliyopita ilizimika, na haikuwaka tena.

"Mbona hukuja siku zote hizi?"

Akanishangaa. "Wewe ulisema haina shida. Nikajua basi shida ni mimi."

Niliifungua yeye akiwa ameketi kwenye kigoda. Feni ilikuwa imeziba kabisa, na vumbi lililoiziba halikuwa jekundu. Lilikuwa la kijivu, nyuzi nyuzi za zulia la nyumba ya mbali, limeshikana kama kipande cha blanketi. Juu yake, hapa na pale, kulikuwa na vumbi letu jepesi la miezi minane. Dawa ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, ilikuwa imekauka ikawa kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Yote hayo yalikuwamo siku ile niliposema neno langu. Kuyatoa na kuweka dawa mpya ni kazi ya dakika arobaini. Kama ningengoja saa nane ingezimika mbele ya macho yetu, ningeisafisha jioni ile ile, na Wakesho angelala kwa jamaa yake Voi usiku mmoja.

Diski ilikuwa imekufa kwa kuzimika-zimika. Nilihangaika nayo siku mbili nikapata nusu ya muhula wa kwanza, basi. Nakala nyingine hakuwa nayo. Na ripoti ya namna ile hairudiwi: wale watoto kumi walikuwa karibu kuhamia darasa la kwanza, na huwezi kumwambia mtoto arudi nyuma ajifunze tena kushika penseli ili wewe uandike.

Sasa sikilizeni, maana hadi hapa nimekosea kama anavyokosea fundi yeyote. Kosa langu kubwa ni la siku ile ya pili, aliporudi kuichukua. Wakesho aliniuliza, "Ni nini nilifanya vibaya?" Vumbi la kijivu lilikuwa mezani mbele yangu. Nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi. Lakini nilimfikiria Mzee Barasa, nikafikiria chama, nikafikiria jina langu katika mji huu mdogo ambao habari hupita mlango mmoja hadi mwingine kabla hujamaliza kuisema. Nikafagia lile vumbi kwa kiganja, likaanguka sakafuni.

"Mashine zina siku zake, mwanangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga laptop iliyokufa ndani ya leso, akaenda.

Kwa Mzee Barasa nilikwenda jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia chai, akasema bila ubaya wowote, "Lakini shemeji, si ulikagua mwenyewe?" Yeye hununua kwa katoni, hajui ndani mna nini. Aliyekuwa akijua ni mimi. Sijamchukia, na misiba bado anaisimamia, na bila shaka wangu atausimamia vilevile.

Mwaka ulipoanza, nilisikia kwa mteja wa Kasigau kwamba chekechea imepata mwalimu mpya. Nilijifanya sijui wa zamani alikuwa nani.

Mkaniita Madam Saa Nane. Mlifikiri ni ukali, wateja wakifika alfajiri nami nawafukuza mpaka mchana, hata aje chifu. Nawaambia leo kwamba ule haukuwa ukali. Nilikuwa naogopa mdomo wangu.

Mwezi uliopita, nikiwa sina tena mahali pa kwenda asubuhi, nilitafuta laptop nzuri, nikaifungua feni, nikaisafisha, nikaweka dawa mpya, nikaiimbisha kwaya chini ya mabati siku tatu mfululizo. Kisha nikaomba lifti katika pikapu ya mwenye duka anayepeleka bidhaa Kasigau na kurudi mchana huo huo. Tulifika kama saa nne.

Nilimkuta Wakesho uani akipukuchua ndengu. Sasa analima, na ana mtoto wa kike anayetembea. "Karibu Mama Nekesa, umepotea sana," akasema, akanipisha kiti chake. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakanikimbia, nikasema tu yaliyokuwa ya kweli. Kwamba laptop ilikuwa mbovu tangu dukani. Kwamba nilisikia joto lake kwa mkono wangu. Kwamba vumbi lilikuwa la ng'ambo, na nililifagia ili asilione. Kwamba hakuharibu chochote.

Mikono yake iliendelea na ndengu kwa muda, kisha ikasimama.

"Miaka mitatu, Mama," akasema. "Watu hapa wakinipa simu zao niwapige picha, nakataa. Nawaambia mkono wangu unaharibu vitu."

Nililia, sitaki kuficha. Yeye hakulia. Aliuangalia mkono wake, akaugeuza, akaufuta kwenye leso. Nikatoa ile laptop mkobani nikaiweka juu ya gunia. Nikamwambia kwamba masomo yanaweza kuanzwa upya, nikajisikia mjinga hata kabla sijamaliza.

"Umeikagua?" akaniuliza.

"Nimeikagua siku tatu."

"Siku ile ulimwomba yule mzee saa nane. Nilikusikia, lakini sikujua ni ya nini."

Nikamweleza kuhusu feni, mabati, na mchumba wa Jumapili. Alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza, akiuliza anapokwama. Kisha akasimama, akaibeba laptop mpaka ndani ya nyumba, akaiweka mezani chini ya mabati yake mwenyewe na kuchomeka chaja.

"Basi nifunze kukagua, hatua zote," akasema. "Nisiwe natumia macho ya mtu tena. Halafu tuingoje saa nane ya hapa kwangu."

Alianza na skrubu. Alinusa. Alipofika kwenye kitufe cha kuwashia kidole chake kilisita hewani, nami nikajizuia kumsaidia. Akabonyeza. Aliandika stesheni nilizomtajia, kwanza kwa kidole kimoja, na baada ya Mariakani kwa vidole vyote. Nikawasha kwaya, nikamwonyesha pa kuweka kiganja. Mtoto wake akaja akaweka chake pembeni ya cha mama yake.

Saa saba na kidogo pikapu ilipiga honi barabarani. Dereva akaita, "Mama, twende! Leo sirudi tena, na kesho sijui!"

Wakesho aliangalia barabarani, akaniangalia mimi, kama siku ile.

Nikatoka hadi mlangoni nikampungia dereva mkono aende. Kisha nikarudi nikakaa. Mabati yalikuwa yameanza kulia kwa joto, na saa nane ilikuwa bado.